Kuchagua Redio ya Masafa Mafupi kwa Nyumba ya Inyonga

Ukiingia duka la redio Mpanda mjini na kuulizia redio ya masafa mafupi, huenda utaletewa iliyojaa taa za rangi, yenye tundu la flashi na la memori kadi, na mbele yake imeandikwa kwamba ina bendi tisa, kumi au kumi na mbili. Usitoe pesa bado. Idadi ya bendi haikuambii kama redio hiyo itashika stesheni ya mbali ukiwa nyumbani Inyonga saa mbili usiku. Inakuambia tu kwamba mtengenezaji ameyagawa masafa mafupi vipande vingi, na bendi mbili kati ya hizo ni FM na masafa ya kati. Redio ya zamani ya bendi tatu yaweza kuishinda mpya ya bendi kumi na mbili, kwa sababu kazi ngumu hufanyika ndani, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Ninamwandikia mtu wa Inyonga, Utende, Nsenkwa au Ilunde, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma na bati, mwenye sola au umeme wa REA, au mrina asali anayelala kambini siku nyingi ndani ya msitu. Redio inayomfaa huyu si lazima iwe ile inayomfaa mtu wa ghorofani Dar es Salaam.

Kwanza, kwa nini masafa mafupi? Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na yakishavuka upeo wa macho hayarudi chini tena. Mpanda iko zaidi ya kilometa 100 kutoka Inyonga, na katikati ni vilima na miombo. Simu inaweza kukuletea redio za dunia nzima, mradi una bando na mnara uko karibu. Ukishaingia porini kufuata mizinga, vyote viwili vinakuacha. Masafa mafupi hupanda juu, yakakutana na tabaka la anga lenye chembe za umeme, kuanzia kilometa 100 hivi hadi zaidi ya 300 kutoka ardhini, yakarudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Hayahitaji bando wala mnara wa jirani, na hakuna anayejua umesikiliza nini.

Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoisikia dunia. Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1954, BBC ikafuata 1957, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilipeleka kwa masafa mafupi sauti za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Hali imebadilika, na sitaki ununue redio kwa matumaini ya mwaka 1985. Radio Netherlands iliacha masafa haya 2012. Mtambo wa Deutsche Welle wa Kigali, uliokuwa karibu kabisa na sisi, ulifungwa 2015. Channel Africa ya Afrika Kusini iliondoka 2019, na Sauti ya Amerika ilinyamazishwa Machi 2025. Waliobaki wapo: BBC ya Kiingereza, Redio China, Radio Vatican, Trans World Radio kutoka Eswatini, Voice of Hope kutoka Lusaka, na wengine utakaowagundua mwenyewe usiku. Lakini mitambo ya karibu imepungua, na stesheni nyingi hufika zikiwa dhaifu. Kwa hiyo redio ya leo inapaswa kuwa makini kuliko ya baba yako. Bahati mbaya, makopo mengi yanayouzwa madukani kama redio ni duni kuliko yake.

Sasa tuingie ndani ya redio. Ukiweza, chukua yenye kioo cha namba badala ya mshale unaotembea juu ya mistari. Mita bendi 31, kwa mfano, huanzia kilohezi 9400 hadi 9900, na stesheni hupangwa kila baada ya kilohezi 5. Hizo ni nafasi 100, na kwenye redio ya mshale zote hubanwa katika upana wa kidole au viwili. Ukiambiwa kipindi kiko 9620, utakitafuta kwa kubahatisha. Kwenye redio ya namba unabonyeza 9620, na kama hakisikiki unajua kosa ni la anga au la ratiba, si la mkono wako. Kwa anayeanza, hilo peke yake linatosha kuamua.

Redio ya mshale ina sifa zake, na nisingependa uitupe uliyonayo. Inakula betri kidogo, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuirudisha. Kama nyumbani kuna National, Philips au Sony ya zamani iliyonyamaza, ipeleke kwa fundi kabla ya kununua mpya. Mara nyingi ni sauti inayokwaruza kwa vumbi kwenye kitufe cha kuongezea, au vyuma vya betri vilivyoliwa na kutu. Hayo ni matengenezo madogo.

Kuna kasoro moja ambayo muuzaji hatakutajia. Redio nyingi za bei nafuu hulibadili wimbi mara moja tu, hadi kilohezi 455, kabla ya kutoa sauti. Matokeo yake, stesheni yenye nguvu husikika mara mbili: pale ilipo, na tena kilohezi 910 chini yake. Ukiikuta ile ile kwenye 9700 na kwenye 8790, hiyo ya pili ni kivuli tu. Tatizo ni kwamba kivuli hicho kinaweza kukaa juu ya stesheni dhaifu uliyokuwa ukiitafuta, ukadhani imezimwa. Redio zinazobadili wimbi mara mbili, au zinazotumia chipu ya kidijitali inayoandikwa DSP kwenye boksi, hupunguza sana jambo hili. Ulizia hilo kabla ya kuulizia bluetooth.

Jambo jingine ni kuchuja. Jioni stesheni hukaa bega kwa bega, na redio isiyochuja itakuchanganyia Mchina na Mwarabu katika sentensi moja. Redio nzuri hukuruhusu kuchagua upana: mpana kilohezi 6 kwa muziki na sauti nzuri hewa ikiwa tulivu, mwembamba kilohezi 3 au 4 jirani anapoingilia. Sauti itafifia kidogo ukibana, lakini maneno utayaelewa. Kati ya yote yanayoandikwa kwenye boksi, hili ndilo ningeweka mbele.

Utakutana pia na herufi SSB. Hiyo ni kwa ajili ya mawasiliano ya redio za ridhaa, meli na ndege. Stesheni za habari na muziki haziitumii. Ikiwemo, si vibaya, lakini usiongeze pesa kwa sababu yake kama unachotaka ni kusikiliza vipindi. Kinachostahili kuongezewa pesa ni kile kinachoandikwa SYNC, kinachosaidia pale sauti inapopanda, kushuka na kukoroma kwa sababu ya mabadiliko ya anga. Si redio zote zinakifanya vizuri, na kwenye ndogo mara nyingi ni jina tu.

Majina, basi. Kampuni ya Tecsun ya China ndiyo inayotengeneza redio nyingi za aina hii zinazopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. PL-330 yao ni ndogo, inaingia mfuko wa koti, ina DSP, upana wa kuchuja wa kuchagua, tundu la antena ya nje, na njia ya kutafuta stesheni yenyewe na kuzihifadhi. PL-660 na PL-680 ni kubwa zaidi, zina spika bora, zinabadili wimbi mara mbili, na SYNC yao inafanya kazi kweli. XHDATA D-808 iko katikati. Sony ICF-SW7600GR haitengenezwi tena, lakini ukiipata kwa mtu aliyeitunza, usiiache. Kwa mwenye pesa kidogo kabisa kuna Tecsun R-9012, ya mshale, isiyo na tundu la antena wala madoido. Inashika kuliko inavyoonekana, ingawa kivuli cha 910 inacho. Kwa nyumba ya kawaida Inyonga mimi ningechagua PL-330 au PL-660, na uamuzi kati ya hizo mbili ungetokana na betri.

Na betri ndiyo inayohitaji kufikiriwa kwa makini, maana redio iliyokosa betri ni pambo la kabati. PL-330 hutumia BL-5C, betri ile ile ya Nokia za kitochi. Inyonga, Mpanda na Sikonge hutakosa duka la simu lenye BL-5C, na mrina asali anaweza kubeba mbili za akiba ndani ya kitambaa. Inachajiwa kwa waya mdogo wa simu. PL-660 hutumia betri nne ndogo za AA, zinazopatikana hata kwenye duka la sabuni na chumvi. Ukipata za kuchaji utaokoa pesa nyingi kwa mwaka. D-808 hutumia betri ya mviringo ya 18650, iliyomo kwenye tochi nyingi na pawabenki. Hapo uwe macho: betri ya aina hiyo iliyoandikwa mAh 9900 imeandikwa uongo, kwani hata zilizo bora haziendi mbali na 3500. Redio za kienyeji zenye betri kubwa tatu au nne nazo hazistahili kudharauliwa. Betri hizo hudumu, na spika ya redio hizo hujaza ua mzima.

Kuna redio inayokuja na betri ya ndani iliyounganishwa kwa risasi, isiyotoka. Iache dukani. Betri ikifa baada ya mwaka, redio nzima itakufa nayo. Na redio yoyote utakayonunua, ukijua hutaitumia kwa mwezi, toa betri. Maji ya betri yakivujia ndani hayasameheki.

Nyumba nayo ina neno lake. Paa la bati huzuia mawimbi, na kuta za tofali hupunguza kilichobaki. Redio inayonyamaza katikati ya sebule inaweza kuamka ukiisogeza dirishani, na ikaimba ukiitoa barazani. Kabla ya kulaumu kiwanda, tembea nayo.

Adui mkubwa zaidi siku hizi yuko ndani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, inveta, king'amuzi, na kile kidhibiti cha sola kilichofungwa ukutani. Vyote hivyo hutoa mvumo unaofunika masafa mafupi kabisa. Jioni washa redio kwa betri zake, itege mahali penye stesheni dhaifu, kisha zima kifaa kimoja baada ya kingine. Mvumo ukikatika ghafla, umempata mhalifu. Kama ni kidhibiti cha sola, mara nyingi hutulia usiku jua likiwa halipo, na hiyo ni kheri kwa msikilizaji wa jioni. Chaji betri mchana, sikiliza usiku bila waya wowote wa umeme kwenye redio. Umeme wa gridi nao unazidi kusogea: njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora hupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Ni neema kwa wilaya yetu ya Mlele, lakini nguzo na waya zikiwa karibu na nyumba huleta mikwaruzo, hasa vumbi la kiangazi linapojaa kwenye vikombe vya nguzo. Hapo dawa ni umbali: antena yako iende upande wa pili wa nyumba.

Waya wa antena ndio wenye faida kuliko pesa yoyote utakayoongeza dukani. Tafuta waya wa shaba wenye ngozi, mita 7 hadi 10, hata uliochanwa kutoka kebo ya zamani. Funga ncha moja kwenye mwembe kwa kamba ya nailoni, ili waya usiguse tawi, uvute mpaka dirishani mbali na waya za umeme. Redio yenye tundu, chomeka humo. Isiyo na tundu, menya ncha ya waya na ibane kwenye antena yake ya kuvuta kwa kibanio cha nguo. Usirefushe waya mpaka mita 30 ukidhani wingi ni ubora. Redio ndogo huelemewa, stesheni zikaanza kuvamiana. Wengine hufunga waya kwenye bati la nyumba. Mimi sikushauri.

Nasema hivyo kwa sababu ya radi. Mvua za Katavi hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na ngurumo zake si za kupuuza. Wingu likianza kuwa jeusi, chomoa waya na uutupe nje ya dirisha, usiuache ukining'inia ndani karibu na watoto. Usingoje tone la kwanza. Hata radi iliyopiga mbali huacha umeme kwenye waya wa kutosha kuua chipu ya redio. Chagua tangu mwanzo mahali ambapo kuchomoa ni kazi ya sekunde moja, maana waya usiochomoka kwa urahisi hautachomolewa.

Turudi dukani. Nenda na betri zako mwenyewe, ili usijaribu kwa umeme wa dukani. Omba ruhusa utoke nje, mbali na taa na spika za sabufa, uvute antena yote. Mchana kweupe jaribu mita bendi za juu, 16, 19 na 22, yaani kilohezi 17480 hadi 17900, 15100 hadi 15800, na 13570 hadi 13870. Jua huyameza masafa ya chini lakini haya huyabeba. Kuanzia magharibi mambo hugeuka, na 25, 31, 41 na 49 ndizo hujaa, yaani kuanzia 12100 kushuka hadi 5900. Muuzaji akikuambia saa sita mchana kwamba mita bendi 49 ni kimya kwa sababu stesheni zimekufa, si lazima awe anadanganya. Ameijaribu wakati usio wake. Kwa hiyo, ukiweza kuchagua, nunua jioni. Saa kumi na moja na nusu ni wakati mzuri, bendi za mchana bado zipo na za usiku zinaingia.

Ukishapata stesheni, iguse redio: gonga gamba taratibu, zungusha antena, washa na kuzima taa ya kioo. Sauti ikikatika au mvumo ukiongezeka, rudisha. Sikiliza sauti ya mtu akisoma habari, si muziki, maana spika mbovu hujificha kwenye ngoma. Zima, toa betri kwa dakika moja, rudisha, uone kama stesheni ulizohifadhi bado zipo. Angalia pia masafa ya kati: kwetu yanapaswa kwenda hatua za kilohezi 9. Redio nyingi zilizoletwa zimewekwa hatua za 10, za Marekani, na stesheni za kati zitakuwa zinasikika kando kando mpaka ubadilishe mpangilio huo.

Ukikosa Mpanda, Tabora ina maduka zaidi, na Kariakoo utapata karibu kila kitu, pamoja na bandia yake. Ukimtuma mtu wa basi, mwandikie jina na namba ya modeli kwenye karatasi, PL-330 kamili, na umsisitize asikubali "inayofanana nayo". Afungue boksi na kuiwasha palepale.

Ukishaifikisha nyumbani, jizoeze saa. Ratiba za masafa mafupi huandikwa kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili kuna njia rahisi: toa tatu kwenye saa ya UTC. UTC 5 ni saa mbili asubuhi. UTC 15 ni saa kumi na mbili jioni. UTC 17 ukitoa tatu ni 14, nayo ukiondoa 12 ni saa mbili usiku. Seti saa ya redio kwa UTC ukipenda, na ile ya ukutani iendelee na kazi yake.

Tafuta daftari la mistari. Andika tarehe, saa, kilohezi, lugha, na ubora wa sauti kwa namba ya 1 hadi 5. Stesheni za masafa mafupi hubadili masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kufuata jua na anga. Siku hizo usishangae stesheni yako ikitoweka. Keti jioni ile, anza 49 upande hadi 19, hatua ya kilohezi 5 kila mara, uandike upya ukurasa mzima. Uliyoipoteza kwenye mita bendi 31 mara nyingi utaikuta imehamia 25.